"Alimwacha mtu": jibu kwa mjukuu wa askari aliyeikimbilia ndege ikiwaka Nakuru

"Kuka wetu (ndivyo tunavyomwita babu) alitoka upande wa Kakamega akawa askari wa Keya. Mwaka 1942 alikuwa akilinda uwanja wa ndege wa Nakuru. Marehemu nyanya alitusimulia kwamba ndege ilianguka asubuhi, ikashika moto, kuka akaikimbilia na kupanda juu ili amtoe rubani. Alimshika mabega akavuta, rubani hakutoka. Kuka aliungua mikono yote miwili na vidole vyake vikajikunja hadi alipokufa. Hata vifungo vya shati alifungiwa na nyanya. Hakupewa medali. Mjomba husema medali hupewa aliyeokoa, na kuka alimwacha mtu. Jirani yetu husema ulikuwa ujinga, kwa sababu ndege ikiwaka hulipuka kama bomu. Imebaki picha moja tu: kuka ameshika bakora, na makovu yako kwenye migongo ya viganja hadi vifundoni. Je, mjomba anasema kweli? Kwa nini rubani hakutoka? Tunaweza kutafuta kumbukumbu wapi, na kudai medali? Na ndege ikianguka leo hapa kwetu Njoro, mtu afanye nini?"

Ndugu yangu, swali lako lina vipande vingi, ila naona kinachowaumiza nyumbani ni neno moja la mjomba: alimwacha. Nianzie hapo. Mtu aliyepanda juu ya ndege inayowaka, akamfikia rubani na kumshika mabega, hakumwacha mtu. Alifika mahali ambapo wengi hawafiki, akakuta kazi ambayo mikono mitupu haikuweza kuimaliza kwa muda uliokuwepo. Sababu zake ni za petroli, bati na mikanda, na zinaelezeka moja baada ya nyingine.

Kwanza tuiweke ndege mahali pake. Hadithi nyingi za askari wa Keya (KAR, King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki) zimechukua rangi ya vita vya mbele, na pengine hata kwenu yuko anayesema ndege ile ilidunguliwa na adui. Nakuru ya 1942 haikuwa uwanja wa mapigano. Waitaliano wa mwisho katika Afrika Mashariki walikuwa wameshasalimu amri Gondar, Uhabeshi, Novemba 1941. Nakuru ilikuwa shule. Kikosi cha mafunzo namba 70 cha RAF, jeshi la anga la Uingereza, kilihamishiwa hapo mwaka 1941 kutoka Misri, na ndege yake kuu ya kufundishia ilikuwa Blenheim, yenye injini mbili na watu watatu ndani. Kwa hiyo kama mwaka mliosimuliwa ni sahihi, tunazungumzia ajali ya mafunzo, na huenda ndege yenyewe ilikuwa Blenheim. Mji wa Nakuru uko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa huko ni nyepesi, injini hupungukiwa nguvu, ndege hukimbia mbali zaidi kabla ya kupaa. Rubani mwanafunzi ambaye injini moja inamzimikia wakati wa kupaa hana urefu wa kutosha chini yake wala mwendo wa kutosha wa kujiokoa. Na nyanya aliposema asubuhi, hilo nalo lina maana: ndege inayoanza safari ina matangi yaliyojaa.

Blenheim ya aina ya nne ilikuwa na matangi manne katika mabawa. Mawili ya ndani yalibeba galoni 140 kila moja, yaani zaidi ya lita 600. Rubani aliketi mbele, upande wa kushoto, na mlango wake ulikuwa juu ya kichwa: kifuniko kinachoteleza kwenda nyuma. Ili kumfikia, mtu hupanda bawa pale linapoungana na kiwiliwili cha ndege, akasimama hapo, akainama kuingiza mikono ndani. Patazame vizuri mahali hapo pa kusimama. Chini ya nyayo za kuka au hatua moja pembeni, bati jembamba tu likiwa katikati, palikuwa na tangi la petroli.

Ilikuwa petroli, na hili ni muhimu. Mafuta ya ndege za jeti za leo ni jamii ya mafuta ya taa. Hayatoi mvuke wa kutosha kushika moto mpaka yafike joto la nyuzi 38 hivi. Petroli ya ndege za injini za pistoni hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Ninyi wa Njoro hamhitaji mtu wa kuwaeleza maana yake, kwa sababu Sachangwan haiko mbali nanyi. Januari 31, 2009 lori la petroli lilipinduka pale, watu wakakusanyika, mvuke ukatambaa chini ukawazunguka kabla ya mwali kuonekana, na zaidi ya watu 100 wakafa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hujilaza kwenye mitaro na majani, na ukishika moto huwaka eneo zima kwa mara moja. Ndege iliyopasuka tangi hutandaza mvuke huo kuizunguka, halafu chuma cha injini chenye joto au cheche ya waya humaliza kazi.

Moto wa namna hiyo ukikolea hupita nyuzi 1,000. Aluminiamu, ambayo ndiyo ngozi ya ndege, huyeyuka kwa nyuzi 660, na bati lake laweza kutoboka ndani ya dakika moja hivi. Ndiyo maana hata leo sheria za kimataifa za viwanja vya ndege zinadai gari la zimamoto liweze kufika popote kwenye njia ya kurukia ndani ya dakika 3, na lengo ni dakika 2. Baada ya hapo aliye ndani huwa amevuta hewa ya moto na moshi wa sumu. Moshi huo humlegeza mtu kabla moto haujamgusa. Mtu aliyelegea hasaidii kujitoa: hainui mguu, hashiki mkono anaonyooshewa, na uzito wake wote unamwangukia anayemvuta.

Sasa mikanda, kwa sababu nadhani jibu la "kwa nini hakutoka" liko hapa zaidi ya penginepo. Marubani wa RAF wakati ule walifungwa kwa mikanda ya aina iliyoitwa Sutton. Ilikuwa minne, miwili ya mabegani na miwili ya mapajani, na kila mmoja ulikuwa na matundu yaliyotiwa duara za chuma. Rubani alivisha tundu la kila mkanda kwenye msumari mmoja mnene wenye ncha nyembamba, moja juu ya jingine, kisha akachomeka kipini cha springi kwenye ncha ile ili yasichomoke. Kufungua ni kuchomoa kipini tu, na minne yote inaachia. Ni rahisi kwa anayejua na anayeona. Lakini chini ya mikanda hiyo palikuwa na mingine, ya parachuti, iliyokutana kwenye kisanduku cha duara kifuani. Kisanduku hicho unazungusha uso wake, halafu unaupiga kwa kiganja, ndipo kinaachia. Na rubani alikuwa ameikalia parachuti yenyewe kama mto, ndani ya kiti chenye umbo la beseni. Ongeza mpira wa hewa ya oksijeni na waya wa redio vilivyounganishwa na kofia yake.

Kuka alimshika mabega akavuta. Hivyo ndivyo wewe na mimi tungefanya, na hivyo ndivyo mtu yeyote ambaye hajafundishwa hufanya. Ila ukimvuta juu mtu aliyefungwa hivyo, mikanda ya mabega inakaza. Kila nguvu unayoongeza inakwenda kwenye ule msumari. Askari wa ulinzi alifundishwa bunduki, gwaride na zamu. Kufungua mikanda ya rubani ilikuwa kazi ya wahudumu wa zimamoto wa uwanja, ambao walikuwa na shoka, kisu cha kukatia mikanda, povu, na wengine suti za asbesto. Askari wa Kiafrika alivaa kaptula na shati la kaki la mikono mifupi. Alitangulia kufika kwa sababu alikuwa karibu, na kufika kwanza kulimkuta hana chombo chochote mkononi.

Kisha ile picha. Usiifiche tena kabatini, kwa maana ni ushahidi. Mtu aliyeshika chuma cha moto mara moja akaachia huungua viganja, upande wa ndani. Ngozi ya kiganja ni nene, na mwili wenyewe huurudisha mkono kabla akili haijaamua. Aliyeingiza mikono ndani ya mwali na kuiacha humo akitafuta kitu huungua migongo ya viganja, kwa sababu upande huo ndio unaoukabili moto vidole vikiwa vimekunjika kushika. Ngozi ya hapo ni nyembamba, na mishipa ya kunyoosha vidole iko papo hapo chini yake. Ikiungua, kovu linapokauka hujivuta, vidole vinakaa kama kucha za mwewe na havinyooki tena. Ulivyoeleza, makovu yako migongoni na yanafika vifundoni kwa mikono yote miwili. Siwezi kuapa kwa picha niliyosimuliwa tu, lakini makovu ya namna hiyo yanaendana na mtu aliyeshika kitu ndani ya moto kwa mikono miwili na kukaa nacho. Hayaendani na mtu aliyegusa akakimbia.

Wakati ule hata matibabu yangeweza kuongeza ulemavu. Mwanzoni mwa vita madaktari wengi walipaka tindikali ya taniki juu ya majeraha ya moto; ilikauka ikawa gamba gumu, na kwenye mikono gamba lile lilivikaza vidole. Daktari Archibald McIndoe, aliyewatibu marubani walioungua huko East Grinstead, Uingereza, alikuwa miongoni mwa walioipinga, akatumia maji ya chumvi na kuwafanyisha wagonjwa mazoezi ya vidole mapema. Kwa hiyo si ajabu askari aliyeungua mbali na hospitali ya namna hiyo abaki asiweze kufunga kifungo.

Na jirani je? Ndege inayowaka kwa kawaida hailipuki yote kwa kishindo kimoja kama bomu. Mafuta huwaka. Vinavyolipuka ni vitu vilivyomo: chupa za oksijeni, matairi, tangi lenye mvuke mwingi na mafuta kidogo, risasi zilizopashwa moto. Risasi iliyo nje ya mtutu hupasuka ganda na haiendi mbali, lakini iliyo ndani ya mtutu hufyatuka kweli. Kama ndege imebeba mabomu, hapo jirani ana haki kamili ya kuogopa. Hatari ilikuwepo, na kuka, kwa kuwa alikuwa askari, aliijua kuliko raia. Kuiita kazi yake ujinga ni kusema kwamba hakuna aliyewahi kutolewa katika ndege ya moto akiwa hai. Wametolewa. Mei 31, 1940, huko Detling, Uingereza, koplo wa kike aitwaye Daphne Pearson alimtoa rubani aliyejeruhiwa katika ndege iliyoanguka ikiwa na bomu, na bomu lilipolipuka alijilaza juu yake kumkinga. Baadaye akarudi tena kumtafuta mhudumu wa redio, akamkuta amekufa.

Hapo nikujibu swali la leo kabla sijaingia kwenye medali, maana lina uhai wa watu ndani yake. Watu wa magharibi na Bonde la Ufa bado wanakumbuka Aprili 18, 2024, helikopta ya jeshi ilipoanguka Sindar, Elgeyo Marakwet, ikawaka. Kati ya watu 12 walikufa 10, Jenerali Francis Ogolla akiwa mmoja wao. Ndege ikianguka karibu nanyi, piga 999 au 112 kwanza, utaje mahali kwa jina ambalo dereva wa matatu angelielewa. Zima bodaboda na uiache mbali. Tazama moshi unaelekea wapi, uende ukiwa na upepo mgongoni, na utokee upande wa juu wa mteremko, kwa sababu mafuta hutiririka kwenda chini. Usimwagie maji mafuta yanayowaka. Mafuta huelea juu ya maji na moto unasambaa. Anayetembea au kutambaa mwite kwa sauti akufuate, kwa maana moshi humpoteza mwelekeo. Kwa helikopta, usikaribie mkia wala panga zake mpaka zisimame kabisa.

Ndege ya kivita ni jambo jingine. Ina kiti cha kumrusha rubani nje, chenye baruti chini yake. Ukiona pembetatu nyekundu ya onyo ubavuni au vishikizo vya mistari ya njano na nyeusi karibu na kiti, usivute wala usiguse chochote hapo. Kiti kinaweza kufyatuka kikamuua rubani na wewe. Kama kuna silaha, umma urudi nyuma mita 300 hata zaidi.

Kama moto haujamfikia mtu na umefika kwake, kumbuka alichokosa kuka: kisu. Mikanda ya marubani wa leo mara nyingi hukutana kwenye kifungo kimoja tumboni; kikiwa cha duara, unakizungusha kinaachia. Kikikataa, kata mikanda karibu na bega, makali yakielekea mbali na mwili. Akiwa ananing'inia kichwa chini, mtu wa pili amshike mabega na kichwa kabla hujakata, la sivyo ataangukia shingo. Mshike kwa kupitisha mikono chini ya makwapa yake, umvute kwa kurudi nyuma. Ukihisi ngozi ya uso wako inachoma hata ukiwa umesimama tu, ondoka. Mwokoaji akianguka hapo, wanaokuja watakuwa na watu wawili wa kubeba. Aliyeungua apoozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, avuliwe pete na saa mapema kabla ya kuvimba, afunikwe kitambaa safi. Usipake udongo, unga, mafuta wala dawa ya meno. Kuungua kwa mikono, uso au viungo, hata kukiwa kudogo, kupelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Vidole vya kuka vinakuonyesha sababu.

Sasa medali. Mjomba amekosea. Nishani ya George Cross, iliyoanzishwa Septemba 24, 1940, na mdogo wake George Medal, zilitolewa kwa ushujaa mbele ya hatari. Masharti yake hayakudai kwamba anayeokolewa apone. Mifano mingine ya majeshi inaonyesha wazi zaidi. Desemba 4, 1950, kule Korea, rubani wa Marekani Jesse Brown, Mmarekani mweusi wa kwanza kumaliza mafunzo ya urubani ya jeshi lao la majini, alianguka milimani katika theluji na mguu wake ukabanwa ndani ya ndege iliyokuwa ikifuka moshi. Mwenzake Thomas Hudner aliishusha ndege yake kwa makusudi karibu naye, bila magurudumu, akazoa theluji kwa mikono kuutupia moto. Helikopta ikaja na shoka na kizima moto. Havikufaa. Brown akafia pale, Hudner akaondoka bila yeye. Aprili 1951 Hudner alivishwa Medal of Honor, nishani ya juu kabisa ya nchi yake. Hakuna aliyesimama kusema alimwacha mtu.

Mfano wa pili ndio ninaotaka mjomba ausikie. Usiku wa kuamkia Juni 13, 1944, ndege moja ya mabomu aina ya Lancaster, ya kikosi cha Kanada, ilipigwa juu ya Ufaransa ikawaka. Andrew Mynarski alikuwa tayari kuruka alipomwona mpiga mzinga wa mkiani, Pat Brophy, amenaswa. Akatambaa katikati ya mafuta yanayowaka, akalipiga kwa shoka lile banda la bunduki alimonaswa Brophy, akalivuta kwa mikono, halikufunguka. Brophy akampungia mkono aende. Mynarski akarudi nyuma, akapiga saluti, akaruka nguo zikiwaka, akafa kwa majeraha. Ndege ikaanguka na Brophy ndani, na Brophy akapona. Ni yeye aliyesimulia. Victoria Cross ya Mynarski, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza, ilitolewa mwaka 1946, na bila yule aliyedhaniwa ameshakufa, hakuna ambaye angeijua habari hiyo.

Hivyo ndivyo mambo ya nishani yanavyokwenda. Lazima ofisa aliyeona, au aliyeambiwa na walioona, aandike pendekezo na kuambatanisha maelezo ya mashahidi. Pendekezo lipande ngazi kwa ngazi. Kamati ichague daraja. Kisha jina litangazwe katika London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza. Aliyekuwa karibu na kuka kuliko wote alikuwa rubani, naye alikufa. Zaidi ya hapo, uwanja ulikuwa wa RAF, na askari alikuwa chini ya jeshi la nchi kavu la makoloni. Naona ni rahisi sana pendekezo la namna hiyo kuanguka katikati ya ofisi mbili, kila moja ikidhani nyingine itaandika. Huo ni udhaifu wa makaratasi, na ulikuwa mkubwa zaidi kwa Mwafrika asiye na cheo.

Kudai medali leo, sitakudanganya: Waingereza wana msimamo wa muda mrefu wa kutotoa nishani kwa tukio lililopita zaidi ya miaka 5. Usimlipe mtu yeyote anayekuahidi kukupatia. Ila kabla ya kukubali kwamba hakupewa kitu, fungua sanduku la nyanya. Medali za kawaida za Vita vya Pili za Waingereza, zile za kila aliyetumikia, kwa kawaida hazikuchongwa jina. George Medal na British Empire Medal zilichongwa jina ukingoni. Ukipata kipande chochote cha duara, kipitishe ukucha kwenye ukingo wake, kisha ukitazame juani. Palikuwa pia na pongezi za mfalme kwa tendo la ushujaa, ambazo zilikuja kwa karatasi, na karatasi huliwa na mchwa.

Kumbukumbu: kosa ambalo karibu kila familia hufanya ni kuanza na jina la askari wao. Anza na rubani. Kaburi la marehemu wa RAF lina jina, cheo na tarehe, na tarehe ndiyo ufunguo wa kila kitu kingine. Nenda makaburi ya Nakuru North, yanakotunzwa makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, uandike marehemu wote wa RAF wa mwaka huo na miaka ya jirani yake. Orodha hiyo iko pia mtandaoni bure kwenye tovuti ya tume ya makaburi hayo. Ukiona watu wawili au watatu wa RAF wenye tarehe moja, hiyo ni ndege moja. Kwa tarehe hiyo, Hifadhi ya Taifa ya Uingereza iliyoko Kew ina mafungu manne ya kukufaa: AIR 81 ni mafaili ya ajali na vifo vya RAF, AIR 28 ni shajara za viwanja, AIR 29 ni shajara za vikosi vya mafunzo, na WO 373 ni mapendekezo ya nishani za jeshi la nchi kavu. Jumba la makumbusho la RAF lililoko Hendon lina kadi za ajali. London Gazette inasomeka bure mtandaoni.

Hapa nyumbani, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa iko Moi Avenue, Nairobi. Ukifika, usiombe faili za Kakamega za 1942. Wilaya hiyo wakati ule iliitwa North Kavirondo, na mafaili yake mengi yana alama DC/NN, chini ya mkoa wa Nyanza, PC/NZA. Ya Nakuru yako PC/RVP na DC/NKU. Usiamini pia neno "Keya" moja kwa moja. Nyumbani kila askari wa vita ile aliitwa Keya, hata aliyekuwa Paiyonia (Pioneer, askari wa kazi za ujenzi) au kwenye kikosi cha kazi. Tafuta cheti chake cha kuachishwa jeshi, unakili namba pamoja na herufi zake, usiache hata moja. Jina litafute kwa kila tahajia unayoweza kufikiria, na kwa jina la baba yake pia. Makarani waliandika walivyosikia.

Mama yako na mjomba wawekwe pamoja wiki hii, simu ikirekodi. Usiwaulize kama kuka alikuwa shujaa. Waulize vitu: ndege ililalaje, kwa tumbo au kwa pua? Alilazwa hospitali gani, miezi mingapi? Nani alimtembelea? Alirudi nyumbani mvua gani? Kama mjomba atakasirika au kunyamaza, mwache, urudi siku nyingine. Alikua akiitazama mikono ile kila siku.

Na ukifungua faili la ajali, usitarajie kulikuta jina la kuka. Mara nyingi utakuta mstari kama "askari mmoja wa Kiafrika alijaribu kumtoa rubani, akaungua", basi. Usifunge faili hapo. Nakili tarehe na saa, kisha uitafute tarehe hiyo katika cheti chake, kwenye ukurasa wa matibabu au wa kuachishwa kwa ulemavu. Tarehe zikikutana, umempata.